Sahani za Kale katika Kabati za Wakulima wa Unguja

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Umoja wetu, msomaji atakuta hesabu za mazao, orodha ya vyama vilivyojiunga na picha za maghala yaliyojengwa. Hayo yote ni haki yake kuyaona, kwani fedha zilizotumika ni zake. Walakini Halmashauri ilipokaa kupanga kurasa hizi iliniamuru, mimi Katibu, niandike pia juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya hesabu, ilhali limo katika nyumba nyingi za wanachama wa shamba. Jambo hilo ni vyombo vya kale: sahani, mabakuli, makombe na mitungi ambayo bibi zetu waliiacha kabatini, au sandukuni chini ya kitanda, au imetundikwa ukutani.

Sababu ya amri hiyo ni hii. Kwa muda sasa watu wanapita mashambani, aghalabu mchana wakati nyumbani hubaki mzee peke yake, wakinunua vyombo vikuukuu. Wengine hutoa fedha kidogo. Wengine hawatoi fedha kabisa bali hubadilisha, sahani sita za marehemu bibi kwa beseni moja la plastiki. Baadaye vyombo hivyo huonekana mjini, vimeoshwa na kupangwa vizuri katika maduka ya vitu vya kale, na mgeni hulipa kwa sahani moja thamani ya mabeseni mengi. Sisemi kwamba mwenye duka ni mwizi. Yeye anakijua anachokiuza, na kodi ya chumba anailipa. Ninachosema ni kwamba muuzaji wa kwanza hajui. Nasi tulianzisha Umoja huu kwa sababu iyo hiyo: mkulima alikuwa akiuza zao lake bila ya kujua daraja yake wala bei yake, kwa mnunuzi aliyeyajua yote mawili.

Basi na tuanze kwa kujua tulicho nacho.

Chombo cha kwanza cha kisiwa hiki ni cha udongo wetu wenyewe, kilichofinyangwa kwa mkono wa mwanamke na kuchomwa kwa moto wa kuni uwanjani. Chungu, mtungi, kikaango na chetezo vyote ni vya ukoo huo. Katika Unguja Ukuu, kusini ya kisiwa, wataalamu wa mambo ya kale wamechimba kwa vipindi mbalimbali, khasa Bwana Abdurahman Juma ambaye kitabu chake juu ya mji huo kilipigwa chapa mwaka 2004. Huko vimeonekana vigae vya vyungu vilivyochorwa mistari na pembetatu mabegani, na pamoja navyo vigae vya mitungi ya rangi ya feruzi iliyotoka Ghuba ya Uajemi, na vya mabakuli na mitungi iliyotoka Uchina. Mji huo ulistawi baina ya karne ya 7 na ya 10. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alikuwapo mtu wa Unguja aliyepakuliwa chakula katika bakuli la Kichina, nacho kimepikwa katika chungu cha nyumbani. Vyombo hivyo viwili vimeishi pamoja muda wote huo, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

Kwa sababu ya ukale wa biashara hiyo, wengi wetu tumezoea kukiita kila chombo cheupe "cha Kichina". Jina hilo halifai kwa vyombo vingi vilivyomo kabatini mwetu, na kosa hilo ndilo linalomfaa mnunuzi. Udongo uliochomwa una daraja zake kama karafuu zilivyo na zake, na kila daraja hutokana na udongo wenyewe na ukali wa moto. Mtungi wetu wa maji huchomwa kwa moto mdogo, kwa hiyo hubaki na matundu madogo yasiyoonekana kwa macho; maji hupenya, hukauka kwa nje, na kwa kukauka huko yaliyomo ndani hupoa. Hiyo si kasoro. Ni manufaa yake. Sahani nyeupe ya kawaida kutoka Ulaya huchomwa kwa moto mkali zaidi, kisha hupakwa utando wa kioo ili isinyonye mchuzi. Ikimeguka ukingoni utaona ndani udongo mkavu kama chaki. Ukiugusa kwa ncha ya ulimi, ulimi hushika. Baada ya miaka mingi utando wake hupasukapasuka nyufa nyembamba kama nyuzi za buibui, na chai huingia humo ikaacha rangi ya kahawia. Ama kauri ya Kichina ya kweli, huchomwa kwa moto wa zaidi ya digrii 1,200, na ikiwa nyembamba, ukiinua mbele ya taa utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Jaribio hilo halina gharama, na kila mwanachama anaweza kulifanya usiku wa leo.

Iko daraja nyingine ambayo wanachama wachache wanayo bila ya kuitambua, nayo ni chombo cha udongo uliochomwa mpaka ukawa kama jiwe. Kikigongwa kwa ukucha hulia. Kikimeguka hakinyonyi maji. Wachina walivitengeneza vya namna hiyo tangu zamani sana, na mitungi mikubwa yenye masikio madogo shingoni ilitumika kusafirishia bidhaa baharini. Wajerumani wa bonde la mto Rhine walikuwa na njia yao wenyewe ya kukipa chombo cha namna hii ngozi ya kioo, nayo nastahabu kuieleza kwa sababu imetumia kitu tunachokijua sisi sote: chumvi. Moto wa tanuri ulipofika upeo wake, fundi alimwaga chumvi ya kawaida kupitia matundu ya juu. Chumvi ile iligeuka mvuke, na sodiamu iliyomo ndani yake ikashikamana na mchanga uliomo katika udongo, vikawa kioo juu ya uso wa chombo. Hapakupakwa kitu kwa brashi isipokuwa maua ya buluu ya kobalti, ambayo huvumilia joto hilo. Alama yake ni kwamba uso hauwi laini kabisa, bali una vidoto kama ganda la chungwa.

Chupa za udongo wa namna hiyo, za maji ya chemchemi na za vileo, zilichukuliwa na meli za Ulaya mpaka pwani zetu katika karne ya 19. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua nyumba yake ya biashara Unguja mwaka 1849, nayo haikuwa peke yake, kwani Wamarekani walikwisha kufanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, Waingereza mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844. Mwislamu hakuwa na haja ya kileo, lakini chupa tupu yenye nguvu kama jiwe ilikuwa kheri kwa mafuta ya nazi na asali. Mwanachama mwenye chupa ndefu ya rangi ya kijivu au kahawia, yenye sikio dogo na maganda ya chungwa ubavuni, asiitupe.

Lakini sehemu kubwa ya sahani na mabakuli ya rangi yaliyomo katika nyumba za wakulima wa Unguja hayakutoka Uchina wala Ujerumani. Geuza sahani yako uitazame chini. Ukiona muhuri wenye sanamu ya mnyama mwenye kichwa cha mtu, na maneno "Petrus Regout" na "Maastricht", umekwisha kujua ilikotoka. Maastricht ni mji wa kusini mwa Uholanzi. Petrus Regout, aliyezaliwa mwaka 1801 katika ukoo wa wafanya biashara ya vyombo na vioo, alianza kiwanda chake huko katika miaka ya 1830 na kuwarithisha wanawe. Alikufa mwaka 1878. Mwaka 1899 kiwanda kilipewa jina la mnyama yule wa muhuri, De Sphinx. Katika mji uo huo palikuwa na kiwanda cha pili, Société Céramique, ambacho muhuri wake una simba. Viwanda hivyo viwili vilishindana kwa miaka mingi, vikaungana mwaka 1958, na kazi ya kutengeneza vyombo vya mezani ikakoma mwaka 1969. Kwa hiyo sahani yoyote ya Maastricht iliyomo nyumbani kwako imekwisha kupita umri wa nusu karne, na nyingi zimekaribia karne nzima au kupita.

Viwanda hivi havikuuza kila mahali vyombo vya namna moja. Kwa masoko ya nchi za Mashariki na ya Afrika ya Mashariki walitengeneza mabakuli na sahani zenye rangi kali, nyekundu, kijani, buluu na zambarau, zenye maua makubwa na duara nyingi, ambazo watu wao wenyewe hawakuzipenda sana mezani. Hapo mteja wa Unguja alionyesha nguvu yake. Mfanya biashara hapa mjini alijua kinachotoka dukani na kisichotoka, na khabari hiyo ilisafiri mpaka kwa fundi wa Uholanzi aliyekuwa hajapata kuuona mkarafuu. Ni mambo yale yale ya kanga, ambayo ilichapwa ng'ambo lakini ilichaguliwa na mwanamke wa Unguja. Mtu akisema kwamba sahani hizi ni za kigeni tu, hana ukamili wa khabari.

Maua yake yalitiwa kwa njia mbili. Mengine yalichorwa kwa brashi, na ukitazama kwa karibu utaona kila jani lilivyoanza nene na kumalizika jembamba mkono ulipoinuka. Mengine yalipigwa chapa kwa kipande cha sifongo kilichokatwa umbo la ua au nyota, kikachovywa katika rangi. Chapa ya sifongo hujulikana kwa kuwa maua yote yana kasoro moja mahali pamoja. Na tazama mahali duara inapojifunga: mara nyingi fundi alipofika mwisho alikuta nafasi haitoshi ua zima, basi ua la mwisho likabanwa au likapanda juu ya la kwanza. Katika maduka ya mjini nimemsikia mnunuzi akilitaja ua hilo la mwisho kuwa ni upungufu ili apunguze bei. Kwangu mimi ndilo pambo kubwa, kwa kuwa ndipo unapomwona mtu aliyefanya kazi.

Na mtu huyo alikuwa nani? Sisi watu wa ushirika tunapaswa kuuliza. Katika viwanda vya Maastricht walifanya kazi wanaume, wanawake na watoto wadogo, na saa za kazi zilikuwa nyingi, hata usiku. Mwaka 1874 Uholanzi ilitunga sheria ya kukataza watoto wa chini ya miaka 12 kufanya kazi viwandani, lakini sheria haikushikwa sana. Mwaka 1887 tume ya Bunge la nchi hiyo iliwahoji watu wa Maastricht juu ya hali ya viwanda, na ushahidi uliotolewa uliitia haya nchi nzima. Miaka miwili baadaye ikatungwa sheria nyingine ya kazi iliyowalinda zaidi watoto na wanawake. Vumbi la udongo liliharibu mapafu, na risasi iliyotiwa katika utando wa kioo ilikuwa sumu kwa waliouchanganya.

Upande wetu nao hesabu si safi. Sahani zilinunuliwa kwa karafuu na nazi. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba makubwa yalipandwa, yakapaliliwa na kuchumwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuvunjwa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na wenye mashamba wengi wakaingia katika madeni. Kwa hiyo vyombo vya mwanzo kabisa vilivyopangwa katika majumba ya mawe ya mjini viliwapa furaha watu wachache, kwa jasho la wengi ambao wao wenyewe walikula katika chano cha mti na bakuli la udongo. Ni baadaye, wajukuu wa wachumaji walipokuwa na miti yao na minazi yao, au walipouza muhogo na samaki sokoni, ndipo sahani ya rangi ilipoingia katika nyumba ya makuti. Mzee anaposema "sahani hii alinunua bibi yangu mwaka wa mavuno mazuri", wakati fedha ilikuwa rupia, yaani kabla ya 1936, anatupa khabari kubwa kuliko anavyodhani. Anatwambia kwamba katika nyumba hiyo, mwaka huo, baada ya kodi na deni la duka, palibaki kitu.

Palibaki, nimesema, na mara nyingi hapakubaki. Mwenye duka wa shamba alikopesha nguo, mchele na vyombo kwa ahadi ya mavuno, na mkulima akawa ameiuza karafuu kabla haijachanua. Serikali ilipoanzisha Jumuiya ya Wapanda Karafuu, na ugomvi mkubwa wa biashara ya karafuu ulipotokea mwaka 1937, deni hilo lilikuwa ndani ya kiini cha mambo.

Tukirudi mjini, jumba la mawe lilikuwa na kuta nene, na ndani ya kuta vidaka, yaani vishubaka vya kupangia vyombo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi vioo na sahani zilizochorwa vizuri zilivyopangwa katika kuta za vyumba, na jinsi watu walivyokuwa hawajali bei wakikiona chombo kizuri. Lamu na Pate vidaka vilikuwa vingi zaidi, na mtunzi wa Al-Inkishafi alivitaja vidaka vya sahani alipokuwa anaonyesha kupita kwa dunia. Lamu pia wazee waliamini kwamba chombo kizuri ukutani hupokea kijicho kinachoingia nyumbani, na kikipasuka chenyewe kimemkinga mwenyewe. Anayetaka kuamini na aamini. Mimi naona walau kwamba chombo kilikuwa na kazi hata siku ambayo hakikutiwa chakula.

Kazi nyingine ya sahani nyeupe inajulikana na kila mtu wa hapa. Mgonjwa alipoandikiwa kombe, maalim alichukua sahani safi isiyo na ufa, akaandika juu yake aya kwa zafarani, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Sahani hiyo haikuchanganywa na nyingine. Ukikuta katika kabati la mzee sahani moja nyeupe isiyo na ua, imefungwa kitambaa peke yake, uliza kabla hujaiita sahani tupu.

Sasa nafika katika jambo ambalo kwa fikira zangu ndilo lililoifanya Halmashauri ione kwamba makala hii ina mahali pake katika kitabu cha ushirika. Kabla mashamba hayajawa na chama chenye katiba na muhuri, wanawake walikuwa na ushirika wa vyombo. Hakuna nyumba moja iliyokuwa na sahani za kutosha harusi, hitima au maulidi. Basi kila nyumba ilitoa zake: huyu kumi, huyu sita, yule masinia mawili na birika. Mama mmoja mwenye akili nzuri na ulimi usioumiza alipewa kazi ya kupokea na kurudisha. Ili vyombo visipotee, kila mwenye nyumba alitia alama chini ya sahani zake: nukta mbili za rangi, msalaba mdogo, na siku hizi rangi ya kucha. Kilichovunjika kilijulikana ni cha nani, na aliyealika alikilipa au alisamehewa mbele ya watu. Naomba waheshimiwa maofisa watazame: hapo pana hisa, pana mtunza ghala, pana alama ya mwenye mali, na pana mkutano wa kusikiliza hasara. Sisi tuliokuja na vitabu vya risiti tulifundisha kidogo kuliko tulivyodhani.

Wanunuzi huzifuta alama hizo kwa sabuni na chokaa ili sahani ionekane mpya. Hiyo ni hasara isiyorudi, kwa maana alama ndiyo inayosema sahani ilikaa mtaa gani na ilikula harusi za nani. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, wanawake wengi wamenunua vyombo vipya kwa fedha zao wenyewe, na hilo ni jambo la furaha; lakini mara nyingine cha kale ndicho kinachotolewa nje ili kipya kipate nafasi.

Liko pia jambo la sheria, nalo nitalisema bila ya kuzunguka. Sahani ya urithi ni mali ya mwenye nyumba, naye ana haki ya kuiuza. Lakini sahani iliyojengewa katika kaburi au msikiti wa kale, na vigae vilivyomo katika magofu, si mali ya mtu wa kupita. Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ilitungwa hapa Zanzibar mwaka 1927, na idara ya serikali inayoshughulikia makumbusho ndiyo ya kupelekewa khabari. Waliofika Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, wameona makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mengi ya mabakuli hayo yamebanduliwa, na nguzo zimebaki na mashimo ya duara kama macho yaliyotolewa. Aliyeyabandua alipata fedha za siku chache, na katika duka bakuli hilo halina tena jina la marehemu wala la mji. Kwa kweli hata mtaalamu hawezi kulisomea mengi likiisha kutengwa na mahali pake. Tukiwa na magofu katika mipaka ya chama chochote, kama yale ya Unguja Ukuu, Kizimkazi au Fukuchani, mkulima anayeokota kigae akipalilia na akiache mahali alipokikuta, amwambie sheha.

Katika Halmashauri palikuwa na rai mbili. Rai ya kwanza ilikuwa Umoja utoe chumba, uvinunue vyombo vya wanachama na kuviweka pamoja ili wageni waje kuvitazama kwa kiingilio. Rai ya pili ilikuwa vyombo vibaki majumbani, ila viandikwe. Mimi niliiunga mkono rai ya pili, na sababu zangu si za fedha peke yake. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na baadaye likafanywa makumbusho, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la namna ile laweza kuanguka, sithubutu kukusanya sahani za vijiji vyote chini ya paa moja la bati. Zaidi ya hayo, sahani iliyomo kabatini bado inatolewa siku ya Idi. Ndani ya sanduku la kioo itatazamwa tu.

Halmashauri ilikubali, na kazi imeanza katika vyama vitatu. Daftari ni la kawaida, la mistari, lenye safu saba: namba, aina ya chombo, muhuri au maandishi ya chini, yaandikwe kama yalivyo hata kama msomaji hayafahamu, rangi na maua, na kama ni ya brashi au ya sifongo, alama ya mwenye nyumba, nani alinunua au alirithi, na kwa zao gani ikiwa inakumbukwa, na ufa au kimego. Picha hupigwa kwa simu ya karani, mbele na nyuma, pamoja na rula ili ukubwa ujulikane. Mwanachama anayetaka kuuza hazuiwi. Anaombwa aje ofisini kwanza na chombo chake, kioneshwe katika daftari, apewe khabari ya bei inayosemwa mjini wiki hiyo, kisha aamue mwenyewe. Na kama ni seti, tunamshauri asiuze moja moja, kwani mnunuzi hurudi kuitafuta iliyobaki, na hapo ndipo mwenye nyumba huwa na nguvu.

Safu ya sita ndiyo inayochukua muda. Karani mmoja alikwenda kuandika kabati moja kwa nusu saa akarudi baada ya magharibi, kwa kuwa mama wa nyumba alipofika katika bakuli la tatu alimwita jirani yake aje amkumbushe ni harusi gani lilipopata kimego, na jirani akaja na bakuli lake mwenyewe.